Dawa Imeisha na Mgonjwa Yuko Mbele Yako: Mwongozo kwa Tabibu na Muuguzi wa Zahanati

Kila tabibu au muuguzi mpya anayeripoti kituoni huja na maswali yale yale, na mengi hayahusu ugonjwa wenyewe. "Amlodipine imeisha, nimwandikie nini?" "Bibi ametoka mbali, namwambiaje?" "Mjamzito ana kaswende na sindano hakuna, nifanyeje?" Chuoni tulifundishwa dawa ya kila ugonjwa. Siku ambayo dawa hiyo haipo kabatini hatukuisoma popote.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Nimeuandika nikifikiria zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara, mahali ambapo wewe ndiye daktari wa familia nzima: unampima mtoto, unamhudumia mama yake mjamzito, na unafuatilia presha ya bibi yao. Ukiwa nchi nyingine majina ya ofisi yatabadilika, lakini mgonjwa ni yule yule.

Jambo moja nalisema mapema ili tusisumbuane baadaye. Cheti cha "kanunue" peke yake si matibabu. Mgonjwa akitoka chumbani kwako awe na dawa mkononi, au awe na mpango wenye tarehe na mtu wa kuufuatilia. Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta kimoja kati ya hivyo viwili.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha unavyo vitu hivi, tena viwe mezani, visiwe kwenye kabati la mganga mfawidhi aliyekwenda semina na ufunguo:

- Leja ya dawa iliyojazwa mpaka jana. Leja ya mwezi uliopita haikusaidii kitu.
- Mwongozo wa Matibabu wa Taifa na orodha ya dawa muhimu, toleo linalotumika sasa.
- Namba za simu za mfamasia wa halmashauri, mfamasia wa hospitali ya wilaya, waratibu wa UKIMWI na kifua kikuu wa wilaya, na wafawidhi wa vituo viwili vitatu vya jirani.
- Orodha ya famasi na maduka ya dawa muhimu (DLDM) yaliyo karibu, bei zao za dawa zinazoisha mara kwa mara, na lipi lina friji.
- Mashine ya presha inayofanya kazi, glukomita yenye vipande vya kupimia, na mizani.
- Daftari moja lililoandikwa "Dawa Zilizokosekana". Daftari la kawaida la shule linatosha.
- Bahasha za dawa na kalamu inayoandika vizuri.

HATUA KWA HATUA

1. Lijue kabati kabla mgonjwa hajakuambia.

Dawa haiishi ghafla. Huisha polepole huku hakuna anayehesabu. Kila Ijumaa chukua dawa kumi mnazozitegemea zaidi, hesabu zilizopo, kisha gawanya kwa wastani wa matumizi ya mwezi. Jibu likiwa chini ya mwezi mmoja, anza kupiga simu siku hiyo hiyo.

Hapa kwenye wastani ndipo wengi wanapopotea. Tuseme kwa miezi mitatu mmetoa vidonge 1,800 vya amlodipine. Mtu wa haraka atagawa kwa tatu aseme matumizi ni 600 kwa mwezi. Lakini kama dawa hiyo haikuwepo kwa siku 30 kati ya hizo 90, vidonge 1,800 viliisha kwa siku 60 tu, kwa hiyo matumizi halisi ni 900 kwa mwezi. Ukiagiza kwa 600 utaishiwa tena, kisha utailaumu MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) kwa kosa lililofanyika kwenye kikokotoo chako. Siku za ukosefu ziingie kwenye hesabu na kwenye ripoti ya eLMIS (mfumo wa kompyuta wa taarifa na maombi ya dawa) kila mzunguko.

2. Zipange dawa kwa madhara ya kuzikosa.

Usizipange kwa bei, na usizipange kwa wingi wa wanaoziulizia. Bandika ukutani karatasi yenye makundi matatu.

Kundi la kwanza ni dawa ambazo mgonjwa hapaswi kulala bila kuzipata: insulini kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, dawa za kifafa, ARV, dawa za kifua kikuu, inhela za pumu, prednisolone kwa aliyeitumia zaidi ya wiki tatu, pamoja na propranolol, atenolol na clonidine. Hizi tatu za mwisho zikikatwa ghafla moyo na presha huruka. Wengi huzihesabu kama "dawa za presha tu" na kuziacha hadi wiki ijayo.

Kundi la pili ni zile zinazoweza kusubiri siku chache ukiwa unapima: amlodipine, enalapril, losartan, metformin. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kukosa kidonge cha siku moja au mbili hakumwangushi mtu. Kukosa wiki tatu kunaweza.

Kundi la tatu ni vitamini, dawa za mafua na mengineyo. Hayo yakiisha, sema yameisha. Usimpotezee mtu nauli kwa multivitamini.

3. Thibitisha kwamba imeisha kweli.

Pekua stoo yote, chumba cha sindano, kliniki ya mama na mtoto, na boksi la chanjo za mkoba ambalo kila mtu hutupia vitu. Kisha jiulize kama dawa imeisha au ni pakiti tu iliyoisha. Mseto wa malaria ndio mfano ninaoupenda. Mtu mzima mwenye kilo 35 na zaidi anahitaji vidonge 24 vya artemether na lumefantrine (20/120). Pakiti za 24 zikiisha, pakiti nne za vidonge 6 ni dozi ile ile kabisa: vidonge vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Nimeona wagonjwa wakiandikiwa "hakuna mseto" huku makasha ya watoto yamejaa. Ila angalia upande wa pili: ukimaliza pakiti za watoto kwa watu wazima, mtoto wa kesho utampa nini? Fanya hivyo ikiwa akiba ya watoto inaruhusu, na toa tu kwa aliyepimwa na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria.

Amoxicillin ya watoto nayo ni hivyo hivyo. Dawa ya maji ikiisha wazazi hulalamika, lakini kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye maji ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nimonia ya mtoto: kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa mwenye kilo 4 hadi chini ya 10, viwili viwili kwa kilo 10 hadi chini ya 14, vitatu vitatu kwa kilo 14 hadi 19, kwa siku tano. Myeyushie mama kidonge cha kwanza pale pale mbele yake. Akishaona, maswali huisha.

4. Tafuta nje ya kituo kabla ya kumtuma mgonjwa atafute.

Simu moja ya kwako ina nguvu kuliko safari tatu za mgonjwa. Anza na kituo cha jirani. Kuazimana dawa kunaruhusiwa, mradi kuna hati ya kutolea iliyosainiwa pande zote mbili, leja zote mbili zimeandikwa, na mfamasia wa halmashauri amejulishwa. Dawa zinazohama mfukoni bila karatasi ndizo hugeuka kesi.

Kama MSD wamekujulisha kwa maandishi kwamba hawana, una haki ya kununua kwa mshitiri wa mkoa (msambazaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa) kwa fedha za kituo. Utaratibu huu ulianza Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia, baadaye ukaenea mikoa yote ya Bara. Ile taarifa ya MSD ya kukosa dawa itunze. Bila hiyo manunuzi yako yana tundu, na mkaguzi akija atalitia kidole.

Kwa ARV na dawa za kifua kikuu usipoteze muda dukani. Mpigie mratibu wa wilaya moja kwa moja.

5. Kaa na mgonjwa, uliza kabla ya kusema.

Sasa mgonjwa ameingia. Usianze na "dawa hakuna". Uliza mambo manne: nyumbani amebakiwa na vidonge vingapi, anavitumiaje kweli, anaishi umbali gani na nauli ni kiasi gani, na akilazimika kununua anaweza shilingi ngapi. Hilo la kwanza hushangaza. Wapo wenye akiba ya wiki mbili kwenye kopo la Blueband, na wapo walioacha zamani lakini wanaona aibu kusema. Hilo la pili litakuonyesha anayekunywa kimoja badala ya viwili "ili zifike mwezi". Presha yake iliyopanda haikuhitaji dawa mpya, ilihitaji dawa kamili.

Mazungumzo yaende namna hii:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu."
"Bibi, ile dawa yako nyeupe ndogo ya presha leo hatunayo. Nimeshapiga simu, inategemewa wiki ijayo, lakini siwezi kukuahidi siku. Nyumbani zimebaki ngapi?"
"Ziko kama nne hivi."
"Basi hizo endelea nazo, moja kila asubuhi kama kawaida, usizipunguze. Leo nakupa nyingine inayofanya kazi ile ile. Utaianza zile nne zikiisha, usinywe zote pamoja. Nieleze sasa wewe, ukifika nyumbani utafanyaje?"

Swali la mwisho usiliruke. Akieleza kinyume, umejua kabla hajadhurika. Na usiahidi tarehe usiyoijua. "Njoo Jumatatu" ikisemwa kwa kubahatisha inamgharimu mtu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na Jumatatu ya pili hatakuja kabisa.

6. Chagua mbadala kwa mpangilio huu.

Kwanza dawa ile ile ya nguvu tofauti. Amlodipine ya miligramu 10 yenye mstari katikati inakatwa nusu. Andika NUSU kwa herufi kubwa kwenye bahasha, na mwenye macho hafifu mkatie mwenyewe. Vidonge vya kutoa dawa polepole mwilini na vyenye ganda maalumu usikate wala kusaga, maana dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo.

Pili, dawa nyingine ya familia ile ile. Enalapril ikikosekana, captopril inafaa, ila hiyo hunywewa mara mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo fikiria kama mgonjwa ataiweza. Badala ya amlodipine ipo nifedipine ya kutoa polepole ya miligramu 20, asubuhi na jioni. Nifedipine ya haraka, ile ya kutafuna au kuweka chini ya ulimi, isahau kabisa. Inashusha presha kwa kishindo na mtu anapata kiharusi mikononi mwako.

Tatu, familia nyingine, kwa kufuata Mwongozo wa Taifa. Kumbuka enalapril, captopril na losartan haziendi kwa mjamzito. Kwake methyldopa au nifedipine ya polepole ndiyo njia.

Nne, kupunguza siku za kutolewa: badala ya mwezi, wiki mbili kwa kila mtu, ili dawa ifikie wengi. Kwenye karatasi inaonekana haki. Kwa anayetembea dakika kumi ni haki kweli. Kwa mzee anayevuka mto ni adhabu, kwa hiyo huyo mpe mwezi mzima na wa karibu wapewe wiki mbili. Anayehoji mwelekeze kwenye daftari, sababu iwe imeandikwa.

Kila ukibadilisha dawa, weka siku ya kurudi kupimwa: wiki mbili hadi nne kwa presha, siku chache kwa sukari.

7. Hizi zishughulikie kwa uangalifu wa pekee.

Insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakai siku bila insulini. Hakuna kidonge kinachoziba pengo hilo. Kama insulini ya muda wa kati (NPH) imeisha na ipo ile iliyochanganywa ya 30/70 (ya muda mfupi na ya kati), mpigie daktari wa hospitali ya wilaya mkubaliane dozi. Kawaida jumla ya siku hupunguzwa kidogo, asilimia 10 hadi 20, kisha sukari inapimwa mara kwa mara wiki ya kwanza. Mwambie ile iliyochanganywa lazima ale ndani ya nusu saa baada ya kuchoma, na mkumbushe dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa.

Kisha angalia chupa imeandikwa nini. Hapa tumezoea yuniti 100 kwa kila mililita. India bado zipo za yuniti 40, na ndugu akitoka huko kutibiwa anaweza kuja na boksi zima kwa nia njema. Ukivuta insulini ya yuniti 40 kwa bomba la yuniti 100, mgonjwa anapata chini ya nusu ya dozi. Ukifanya kinyume chake anapata mara mbili na nusu, na hiyo inaua. Chupa na bomba lazima vilingane.

Mgonjwa akipata chupa ya akiba hataki iharibike: isiyofunguliwa ikae friji (nyuzi 2 hadi 8), isigande. Asiye na friji aiweke kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kivulini penye upepo. Iliyofunguliwa hutumika kama wiki nne tu.

Kifafa. Phenobarbital ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike. Usimwambie mgonjwa "subiri". Pata ya siku saba kutoka hospitali ya wilaya hata kama ni kwa kumtuma mtumishi. Kubadilisha kwenda carbamazepine hufanywa taratibu, mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka, na daktari akijua. Kwa mwanamke, uliza kuhusu mimba na uzazi wa mpango kabla: valproate hudhuru mtoto tumboni, na carbamazepine hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi. Na hata kampuni isibadilishwe ovyo kwa phenytoin, dawa ambayo tofauti ndogo ya dozi huleta tofauti kubwa kwenye damu.

Kaswende. Benzathine penicillin imewahi kuadimika dunia nzima, si kwetu tu. Zikibaki chupa chache, ni za wajawazito. Hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kumtibu mtoto tumboni. Erythromycin na azithromycin hazimlindi. Mwanamume, au mwanamke asiye mjamzito, mwenye kaswende changa anaweza kupewa doxycycline miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Kwa hiyo weka chupa hizo pembeni, ziandike "WAJAWAZITO", na zisitumike kwa kidonda cha koo. Zikiisha kabisa, mjamzito apewe rufaa siku hiyo hiyo mahali ulipothibitisha kwa simu kwamba sindano ipo.

Pumu. Inhela chache hudumu zaidi kila mkupuo ukifika kwenye mapafu badala ya kuishia ulimini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, mgonjwa aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Mkupuo mmoja, apumue taratibu mara tano hivi, kisha wa pili. Inafanya kazi vizuri kwa mtoto na mtu mzima. Kila mgonjwa na chupa yake. Vidonge vya salbutamol si mbadala mzuri: vinatetemesha mikono, vinakimbiza moyo, na msaada wake huchelewa.

Kisukari kinachotibiwa kwa vidonge. Glibenclamide miligramu 5 inakaribiana na gliclazide 80. Mzee au mwenye figo dhaifu akiwa na chaguo, mpe gliclazide. Anayetoka kwenye metformin pekee aanzishwe dozi ndogo na asinywe bila kula. Metformin haikuwa ikimshushia sukari kupita kiasi, hizi zinaweza.

Kuhara kwa watoto. ORS ikiisha, kwa dharura: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo mama aonje. Isiwe na chumvi kuliko machozi.

8. Ikibidi anunue, mtume kwa akili.

Mwandikie jina halisi la dawa, si la kampuni, nguvu yake, idadi ya vidonge na bei unayoijua. Mtajie maduka mawili au zaidi, kamwe lisiwe moja, na kamwe lisiwe la ndugu yako. Kijijini kila mtu anajua duka ni la nani. Usimtume mwenye insulini kwenye duka lisilo na friji. DLDM zina orodha yao ya dawa zinazoruhusiwa, kwa hiyo usimtume huko kutafuta kisichoruhusiwa akaishia kuuziwa kinachofanana. Mwenye bima aulizwe kadi kwanza, ili apelekwe kwenye famasi inayoipokea.

Kama fedha hazitoshi, mwambie anunue ya wiki moja kamili, si ya mwezi iliyopunguzwa dozi. Na akishanunua, aje akuonyeshe.

Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha wa kulipia. Ukiwatuma dukani msamaha huo umeufuta kwa kalamu yako. Hao ndio wa kwanza kununuliwa dawa kwa fedha za kituo, na hoja hiyo ipelekwe kwenye kamati ya usimamizi ya kituo ikiwa na majina ya dawa na idadi, si kilio cha jumla.

9. Andika na ufuatilie.

Kwenye daftari: tarehe, namba ya mgonjwa, dawa iliyokosekana, ulichofanya, simu, siku ya kumpigia. Mistari sita tu. Dawa ikifika, daftari ndilo linakuambia nani apigiwe kwanza, kuanzia kundi la kwanza. Kwenye simu kuwa mwangalifu, kwani nyingi ni za familia nzima. Sema "kituoni tunakuhitaji Jumatano", usitaje ugonjwa wala dawa.

10. Dawa zikirudi, usirudishe wote kama kundi.

Aliyetulia kwenye dawa mpya na anaimudu, mwache nayo kama ipo ya kutosha. Kumrudisha ni badiliko la pili bila sababu. Unayemrudisha, chukua zile za mbadala zilizobaki kwake. Hapa ndipo watu hunywa zote mbili na kuanguka bafuni.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWAKA

Kuficha akiba kwa ajili ya "wateja maalumu". Hujulikana, na imani ya kijiji kizima inakwenda.

Kuandika antibayotiki kali zaidi kwa sababu ile ya kawaida imeisha. Ceftriaxone si mbadala wa amoxicillin kwa kikohozi ambacho hakikuhitaji hata amoxicillin. Ukosefu wa dawa ni wakati mzuri wa kujiuliza kama ilihitajika.

Kutoa dawa mpya wakati za zamani zinaisha muda kabatini. Inayoisha muda mapema itoke kwanza, hata kama boksi jipya liko mbele na linapendeza.

Kubadilisha rangi ya kidonge bila kusema. Kwa wagonjwa wengi rangi ndiyo jina la dawa. Mwonyeshe cha zamani na kipya kwenye kiganja kimoja.

UKIKWAMA

Mgonjwa anakataa mbadala, anataka "ile ile". Mara nyingi aliwahi kudhurika au alisikia jambo. Muulize alisikia nini. Kama bado hataki na dawa yake ni ya kundi la pili, kubalianeni siku ya kupimwa na dalili za kumrudisha mapema: kichwa kuuma sana, kifua kubana, upande mmoja wa mwili kulegea.

Presha imepanda baada ya kubadilisha. Kabla ya kuongeza dozi, mwagie mfuko wake wote wa dawa mezani na uhesabu vidonge. Nusu ya majibu yapo kwenye mfuko.

Anagawana dawa na jirani. Usimgombeze, la sivyo hatakuambia tena. Mwite na huyo jirani, mpime, mfungulie kadi yake.

Watu wanasema mmeuza dawa. Bandika kwenye ubao orodha ya kilichopokelewa, tarehe, na waliokishuhudia kutoka kamati. Maneno ya mdomo hayamalizi tuhuma hiyo.

Dawa aliyonunua inatia mashaka: maandishi yamekosewa, kidonge kinamomonyoka, bei ni ya ajabu. Dawa bandia hupenda msimu wa upungufu. Asiitumie. Itunze na pakiti yake, andika duka, mjulishe mfamasia wa halmashauri na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).

Hakuna kwako, kwa jirani, kwa mshitiri wala hospitali ya wilaya. Kwa kundi la kwanza hiyo ni rufaa, hata kama mgonjwa anatembea na kucheka. Andika kwenye barua sababu halisi: "dawa haipatikani wilayani", dozi aliyokuwa akitumia, na saa aliyotumia mara ya mwisho. Piga simu mgonjwa akiwa bado amekaa, taja dawa kwa jina, na usimruhusu aondoke mpaka anayepokea huko amekwenda kabatini na kurudi kukuambia ameiona.